Rahim amekizidi kiti chake: anunuliwe busta ipi?

"Dada, shikamoo. Mwanangu Rahim ana miaka minne na nusu, kilo 17, urefu sentimita 106. Kiti chake cha gari tulimnunulia kikiwa kipya akiwa na miezi minane, kimeandikwa 0–18 kg, lakini siku hizi mikanda ya begani inatokea chini ya mabega yake na analalamika inambana. Gari letu ni Toyota IST. Baba yake anasema mtoto ameshakua, afungwe mkanda wa gari yaishe. Kariakoo nimeona kiti cha kitambaa chenye mikanda, bei rahisi, muuzaji anasema kinafaa miaka 0 mpaka 12. Dada yangu anayeishi Leicester, Uingereza, naye yuko tayari kuniletea busta, kile kiti cha kumpandisha mtoto juu, ila ni ile ya kukalia tu, isiyo na mgongo. Anakuja mwezi ujao. Nichukue ipi? Nina ujauzito wa miezi mitano, hela ya kujaribu-jaribu sina. Mama Rahim, Tabata."

Marahaba Mama Rahim, na hongera. Nikujibu kabisa kabla sijaanza maneno mengi: mpigie dada yako leo, mwambie ile ya kukalia tu aiache dukani, alete busta yenye mgongo mrefu na mbawa za kichwani, iliyoandikwa R129 (kanuni mpya ya viti vya watoto, nitakueleza mbele) na urefu wa sentimita 100 hadi 150. Cha kitambaa kisahau. Na Baba Rahim tutazungumza naye sasa hivi.

Hoja ya "ameshakua" naisikia kila wiki, tena kwa wazazi wanaojali kweli. Sasa mwambie afanye hivi: aweke mikono kiunoni, ashushe vidole kidogo kwa mbele mpaka aguse mifupa miwili iliyochomoza, mmoja kila upande. Hapo, na chini yake kidogo, ndipo mkanda wa chini wa gari ulipokusudiwa kukamata. Gari likigonga, nyonga ndiyo inayobeba mzigo, na nyonga ya mtu mzima inaweza. Kwa Rahim ncha hizo bado hazijachomoza vya kutosha, ziko mviringo, kwa hiyo mkanda hauna pa kung'ang'ania. Isitoshe mapaja yake ni mafupi kuliko kina cha kiti cha nyuma. Akikaa mgongo umeegama, miguu inanyooka mbele kama ya mwanasesere, hapati raha, basi anajivuta mbele mpaka magoti yakunjike. Hapo nyonga inalala, mkanda unapanda tumboni. Ajali ikitokea akiwa hivyo, mkanda unazama kwenye nyama laini: utumbo, ini, wengu, na mara nyingine uti wa mgongo wenyewe. Madaktari wa dharura wanaufahamu vizuri ule mstari wa mchubuko unaokata tumbo la mtoto. Wakiuona tu wanaanza kutafuta kilichoumia ndani.

Mkanda wa juu nao una visa vyake. Kwa mtoto wa sentimita 106 unapita shingoni, unamkwaruza, naye kwa akili zake za kitoto anautatua mwenyewe: anauweka nyuma ya mgongo au anaupitisha chini ya kwapa. Ukiwa nyuma ya mgongo, kifua na kichwa havina kinachovizuia. Ukiwa kwapani, unabonyeza mbavu. Na zile pembetatu za kitambaa zinazouzwa za kuvuta mkanda wa juu ushuke, zinavuta na wa chini upande tumboni. Umeponya shingo, umeuza tumbo.

Watu wengi wanadhani busta inamshika mtoto, kama kile kiti chake cha zamani kilivyomshika kwa mikanda yake. Hapana. Anayemshika ni mkanda wa gari lako. Busta inampandisha Rahim juu na kumsogeza mbele kidogo ili mkanda huo upite kwenye nyonga na katikati ya bega, na zile pembe mbili za pembeni zinauzuia mkanda wa chini usipande. Kazi yake ni hiyo tu, lakini si ndogo: mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inasema kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 busta inapunguza hatari ya kuumia vibaya kwa 45% ukilinganisha na mkanda peke yake. Ukishaielewa kazi hiyo, utaweza kuikagua busta yoyote utakayoonyeshwa, hata muuzaji akiimba nini.

Ndiyo maana mto wa sebuleni, au mablanketi yaliyokunjwa, hayafai kuwa busta ya kienyeji. Nimeyaona sana kwenye magari ya kina bibi. Yanampandisha mtoto kweli, lakini gari likigonga mto unabonyea, mtoto anashuka na kuteleza chini ya mkanda. Busta lazima iwe ngumu chini.

Kiti cha kitambaa ulichokiona kina shida kubwa kuliko hiyo. Hakina gamba la kuzuia kitu chochote, kinafungwa kwa kamba kuzunguka mgongo wa kiti cha gari, na vifungio vyake vingi ni kama vya begi la shule. Hebu fikiria tu ile "miaka 0 mpaka 12": kichanga asiyeweza kushika shingo na mvulana wa darasa la sita wakalie kitu kimoja? Maneno hayo peke yake yatosha kukufukuza dukani.

Turudi kwa busta ya dada yako. Sizichukii busta zisizo na mgongo. Zina mahali pake, kwa mtoto mkubwa zaidi. Kanuni za Ulaya zenyewe zilibadilika: tangu 2017, busta mpya isiyo na mgongo inapitishwa kwa mtoto aliyezidi sentimita 125 na kilo 22 tu. Zile zilizopitishwa zamani kwa kilo 15 na kuendelea hazikupigwa marufuku, na ndiyo maana dada yako anaweza kupata moja yenye kuandikwa 15–36 kg na kuona inamfaa Rahim. Kwa kilo inamfaa. Kwa mwili bado.

Nikueleze kwa nini nasisitiza. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano tulisafiri kwenda Moshi kwa Krismasi. Alikuwa kwenye busta ya kukalia tu, nzuri, ya kampuni ya maana, na tulipotoka Dar nilimfunga mwenyewe, mkanda ukakaa kama wa kwenye picha. Kufika Mombo tukasimama kununua matunda, nikageuka nyuma. Mtoto amelala. Kichwa kimeangukia mlangoni, mwili umepinda kama ndizi, mkanda wa juu umetoka begani uko kwenye mkono, wa chini umefika mbavuni. Sikujua amekaa hivyo tangu Segera au tangu Chalinze. Na mimi ndiye ninayefundisha wenzangu! Mtoto wa umri ule analala garini, hilo halina mjadala. Foleni ya Ubungo yenyewe inatosha kumlaza. Busta yenye mgongo ina mbawa za kichwani zinazomkamata akisinzia, ina mfereji wa kupitishia mkanda wa juu ubaki begani, na gari likigongwa ubavuni kuna kitu kati ya kichwa chake na kioo. Tuliporudi Dar nikanunua yenye mgongo.

Sasa hizo namba. Kwenye kiti kilichopitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kuna lebo ya rangi ya machungwa, yenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Kanuni ya zamani ni R44, inayopanga viti kwa uzito: kilo 15 hadi 25, kilo 22 hadi 36, na mara nyingi busta moja inabeba yote, 15–36. Mpya ni R129, inayopanga kwa urefu na inayopima pia mgongano wa ubavuni, kitu ambacho R44 haikudai. Katika nchi za Umoja wa Ulaya viti vya R44 viliacha kuuzwa dukani Septemba 2024, lakini kilichonunuliwa kabla ya hapo hakijageuka sumu; R44/04, yaani toleo la 04 la kanuni hiyo ya zamani, yenye mgongo mrefu, iliyotunzwa, ningemkalisha mwanangu. Ile namba ya pembeni ya E inaonyesha tu nchi iliyotoa kibali: 1 Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Kuna muuzaji aliwahi kunieleza kwa uhakika kabisa kwamba E4 ni imara kuliko E1. Nilimwacha na imani yake. Usiogope pia kuona imetengenezwa China, maana kampuni nyingi kubwa zinatengenezea huko. Kinachotafutwa ni lebo ya kibali.

Viti kutoka Marekani havina lebo ya E, vina maandishi kwamba vimetimiza FMVSS 213, kanuni ya kwao ya viti vya watoto. Busta ya Marekani haina tatizo kwenye IST. Ukipata cha Marekani chenye mikanda yake ya ndani, kuwa makini, kwa sababu kinategemea mkanda wa gari ujifunge kabisa usitoke tena ukishakazwa, na magari yetu mengine hayana hiyo. Jaribu: vuta mkanda wa nyuma wote mpaka mwisho kisha uachie taratibu. Ukirudi kwa mlio wa tik-tik-tik na haukubali kutoka tena, unajifunga. Ukirudi kimya, haujifungi, na hicho kiti kitakusumbua.

Kwa mwenye mtoto wa miaka minne ambaye mikanda ya kiti chake bado inatokea usawa wa mabega au juu yake, ningesema asiwe na haraka ya busta kabisa. Mikanda ile ya ndani inamshika mtoto vizuri kuliko busta yoyote, na kuhama mapema ni kushuka daraja, ingawa mtoto ataona amepanda. Kwa Rahim muda huo umekwisha. Mikanda ikitokea chini ya bega, kwenye kishindo inamvuta kwenda chini. Lakini kati ya leo na siku dada yako anatua, bado hajafika kilo 18, basi mweke hapo hapo, mikanda imkae sawasawa bila kulegea. Kwa wiki hizo chache naona ni afadhali mara nyingi kuliko mkanda mtupu.

Kama hutaki kusubiri, mtumba upo mjini, na mtumba wa busta unaweza kuwa mzuri. Nenda mchana, uitazame juani. Geuza kiti chini juu: kwenye plastiki utakuta duara dogo lenye mshale, kama saa, na namba za mwaka katikati, mshale unaonyesha mwezi. Hiyo ndiyo tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi wanatoa muda kati ya miaka 6 na 10, na vya Marekani mara nyingi vimechongwa tarehe ya mwisho hapo hapo. Dar jua letu halina huruma, kiti kilichokaa miaka kwenye gari la kuegeshwa nje plastiki yake inakuwa kavu, na ukiibonyeza karibu na kona unaona mistari myeupe. Kiache. Vua kitambaa, usione haya, mwambie muuzaji unataka kuangalia. Ndani ya mbawa za kichwani kuna lile povu gumu jeupe, la aina ya linalokuja na televisheni kwenye katoni. Likiwa limepasuka au halipo, kiti kimegongwa au kimefuliwa na mtu asiyejua, na kwa vyovyote hakifai. Angalia kama mfereji wa mkanda wa begani upo na unateleza juu na chini. Lebo ikiwa imebanduliwa, ondoka hata kama bei ni ya kuokota. Kuhusu ajali, muuzaji hawezi kukwambia, na mara nyingi hajui; kwa hiyo kama kuna ndugu au jirani anayeuza cha mwanawe, anza na huyo.

Busta ya ndugu ikija kwa ndege, ije ndani ya katoni yake. Mizigo inarushwa.

Kipimo cha mwisho ni gari lenyewe. Hapa ndipo ningekuomba usinunue kitu cha mjini bila kumleta Rahim na IST yenu pale pale dukani, kwa sababu busta bora kwenye gari la jirani inaweza kukataa kwenye lenu. Weka busta kiti cha nyuma cha pembeni, mgongo wake ulale sawasawa na mgongo wa kiti. Kama kile cha kuegemeza kichwa cha gari kinausukuma mbele, kitoe. Mkalishe Rahim, pandisha kichwa cha busta mpaka mfereji wa mkanda uwe juu kidogo ya bega. Funga. Mkanda wa chini uguse mapaja pale yanapokutana na nyonga, ulale bapa, upite chini ya pembe zote mbili. Wa juu upite katikati ya bega, mbali na shingo, na mwambie aegemee mbele kisha arudi: mkanda ulioachia urudi naye wenyewe. Ukibaki umelegea, mfereji unaukwamisha, na hiyo busta na mkanda wako haviivi chungu kimoja.

Kisha mwachie Rahim afunge mwenyewe. Kifungio kikizama chini ya busta, kila asubuhi mtapigana nacho, na siku moja mkiwa na haraka kitaachwa bila kufungwa. Kwa gari dogo kama IST kosa hili ni la kawaida sana. Tafuta busta yenye makalio membamba. Siti ya katikati usiifikirie mpaka uangalie mkanda wake. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ile, wa katikati unapita tumboni tu, hauna wa begani, na busta bila mkanda wa begani haitumiki kabisa.

Watakuuliza kama unataka yenye ISOFIX, yaani ya kunasa kwenye vyuma maalumu vya gari. Penyeza vidole kati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyembamba vilivyopinda kama U, gari lako linayo. Japani ililazimisha magari mapya kuwa nayo mwaka 2012, kwa hiyo IST nyingi zilizoko barabarani ni za kabla ya hapo, ndiyo maana nasema kagua. Isipokuwepo usihuzunike. Kwenye busta, ISOFIX inakishika kiti chenyewe kisitembee. Mtoto bado anashikwa na mkanda. Ila bila hiyo, busta tupu ifungwe mkanda hata kama Rahim hayupo, la sivyo breki kali moja na inakufuata kisogoni.

Uzito si kipimo pekee cha kuhama, kuna na tabia. Mtoto wa busta anaweza kujifungua na kuinama anavyotaka. Siku ya kwanza mzungusheni dakika ishirini tu, mtu mmoja akae naye nyuma. Akianza kuchezea kifungio au kutoa bega, simamisheni gari pembeni, kimya, hadi arudi sawa. Mara mbili tatu anaelewa. Watoto wana wivu wa sheria. Baada ya mwezi yeye ndiye atakayemkemea baba yake asipofunga wa kwake.

Na akiwa na msaidizi wa nyumbani kwenye teksi, tafadhali asipakatwe. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, Rahim wa kilo 17 anavuta kama mzigo wa kilo 240. Hakuna mikono ya mtu inayoshika hiyo. Busta yenye mgongo inabebeka kwa mkono mmoja. Siku za teksi iende nayo.

Atakaa humo mpaka lini? Uingereza sheria inasema miaka 12 au sentimita 135, kinachotangulia. Ujerumani ni miaka 12 au sentimita 150. Mimi naangalia mwili. Akikaa bila busta, mgongo umeegama kabisa, magoti yakakunjika kwenye ukingo wa kiti, mkanda wa chini ukalala mapajani na wa juu begani, na akabaki hivyo hadi mwisho wa safari hata akisinzia, ameiva. Kwa kawaida ni karibu na sentimita 145. Kwa vipimo vya WHO mtoto wa wastani anafika hapo akiwa na miaka 11 hivi, kwa hiyo Baba Rahim ana miaka sita ya kuizoea hiyo busta. Ndiyo sababu hela yake si ya kupotea.

Kile kiti cha zamani usikigawe. Mmekinunua wenyewe kikiwa kipya, mnajua historia yake. Kama hakijawahi kupata ajali na tarehe yake bado inaruhusu, ni cha mdogo wake, kikitazama nyuma hadi apite angalau miezi 15. Kisipingane na busta tu. Kikitazama nyuma kinakula nafasi, na IST si Noah. Ningependa Rahim akae kushoto, upande wa kando ya barabara, kwa sababu yeye atakuwa anashuka mwenyewe, na kichanga kulia nyuma ya dereva. Lakini kama Baba Rahim ni mrefu, magoti yake yatagonga usukani. Basi geuzeni: kichanga kushoto, siti ya mbele isogezwe, Rahim kulia, na kufuli la mtoto la mlango wa kulia liwe limefungwa siku zote ili ashukie kushoto, akitangulizwa na wewe.